Sitara ya Tunu binti Isihaka

Picha ya Ndege, Kibaha
9 Aprili 2025

Mzee Mwishehe,

Assalaam alaykum, na shikamoo.

Hunijui, nami sikujui. Naitwa Maulida binti Mfaume, mke wa Badru. Nafuga kuku wa mayai hapa Picha ya Ndege, na jirani yangu wa ukuta mmoja ni Firdausi, yule binti wa huko kwenu Mzenga anayeuza vitenge. Yeye ndiye anayekuletea karatasi hii.

Sikukuu hii Firdausi aliila kwao. Huku Kibaha Idd ilifurika. Tangu asubuhi watoto walikuwa njiani na nguo mpya, wengine karatasi ya bei bado inaning'inia kwapani, wanapita nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Idd. Jioni Maili Moja hapakupitika kwa mabembea, maputo na wauza juisi ya ukwaju. Mimi nilipika pilau, binti zangu wakakaanga visheti na kalimati, tukala hadi tukalaumiana.

Idd pili Firdausi akarudi na kipande cha mkate wa kumimina kwenye kitambaa. Akaniambia, "Onja, dada. Huu kaupika mwanaume." Tukacheka. Nikauma.

Mzee wangu, sikuweza kumeza. Badru alidhani nimepaliwa, akanipiga mgongoni. Ndani ya mkate ule mlikuwa na harufu ya ganda la chungwa bichi, lile la kijani. Na kwa kuwa kipande kilitoka katikati, kilikuwa na korosho moja imepachikwa juu. Nikamuuliza Firdausi kama ilidondokea kwa bahati mbaya. Akasema, "Hapana, Mzee Mwishehe huweka moja tu kila mkate, katikati kabisa. Sijui kwa nini."

Naomba unijibu jambo moja: nani alikufundisha kuupika? Sababu ya kuuliza nitakwambia baadaye, nisije nikakutilia jibu mdomoni. Firdausi alitaka kunipa namba yako ya simu, nikakataa. Kwenye simu ningelia kabla sijauliza.

Wako katika heshima,
Maulida


Mzenga, Kisarawe
21 Aprili 2025

Bi Maulida,

Waalaykum salaam. Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa miwani na ya pili kwa kucheka. Tangu nistaafu ukarani wa ushirika wa korosho sijaandikiwa na mtu. Leo mwanamke wa Kibaha ananiandikia habari za mkate!

Aliyenifundisha ni marehemu mke wangu, Tunu binti Isihaka. Nasema alinifundisha, lakini ukweli hakunifundisha. Nilikuwa nikikaa uani namtazama miaka thelathini na miwili, na macho yalikuwa yakijifunza bila mimi kujua. Alifariki mwaka juzi, mwezi wa Rajabu. Mfungo ulipokwisha nikatoka kuswali Idd nikarudi kwenye nyumba isiyo na harufu. Nilikaa uani na kanzu yangu mpya kama mgeni aliyekosea mlango. Nikaapa mwaka unaofuata haitakuwa hivyo.

Mwaka jana niliunguza mikate mitatu, wa nne ukabaki uji. Mwanaamina, shoga yake Tunu, alikuja akasimama mlangoni, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akanionyesha: makaa machache chini ya sufuria, mengi juu ya kifuniko, na usifunue kila mara kama mtu anayechungulia mwali. Mwaka huu ndiyo nimepatia. Mchele niliuloweka nikautwanga mwenyewe, maana Tunu hakuupenda unga wa mashine. Tui zito, iliki, hamira kidogo, na hilo ganda la chungwa bichi ulilolisikia. Watu wa Pwani wote wanapika mkate huu, lakini ganda la chungwa sijaliona kwa mwingine.

Ile korosho aliiita kitovu. Alikoitoa habari hiyo sijui. Kila Idd alikikata kipande cha kitovu kwanza, akakifunika na kawa, akasema ni cha msafiri. Jua likishuka na msafiri hajaja, alikipeleka kwa mtoto mdogo yeyote wa jirani. Nilizoea, sikuuliza.

Sisi hatukujaaliwa mtoto. Marehemu alikuwa mgumba, Mungu amrehemu, lakini uani kwake hawakukosekana watoto wa watu.

Haya, nimekujibu. Sasa nidai na mimi: kwa nini kipande cha mkate kikukabe mtu mzima?

Wako,
Mwishehe bin Maulidi


Picha ya Ndege, Kibaha
30 Aprili 2025

Mzee wangu Mwishehe,

Shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara nne na tatu nimezichana. Sasa naandika bila kusimama.

Tunu binti Isihaka ni jina lililo kwenye cheti changu cha kuzaliwa, mahali palipoandikwa jina la mama. Nakala nimekuwekea humu.

Nilizaliwa hapa Kibaha, upande wa Tumbi, mwaka 1983, mwezi wa Maulidi, ndiyo maana nikaitwa hivi. Baba yangu, Mfaume, alikuwa dereva wa malori. Nilipokuwa na miaka sita alinichukua tukahamia Tabora. Njiani nilimuuliza mama atakuja lini. Tulipofika ndipo akaniambia mama amekufa kwa homa. Nikaamini. Mtoto wa miaka sita atamuuliza nani mwingine? Baba alifariki mwaka 2015, na mwaka uliofuata nikamwambia Badru turudi Kibaha. Sikuwa na mtu hapa. Nilitaka tu kukaa nilikozaliwa.

Ya mama ninayoyakumbuka ni machache. Namkumbuka amechuchumaa anakwaruza chungwa bichi. Namkumbuka akiukata mkate na kuniuliza, "Kitovu cha nani?" Nami napiga kelele, "Cha mdogo!" "Mdogo nani?" "Mimi!" Na nakumbuka alama ya moto chini ya kiwiko chake cha kushoto, ina umbo la jani. Nilikuwa nikiishika hadi usingizi unichukue.

Sitaki kitu kwako, Mzee wangu. Sina dai la shamba wala la nyumba. Kama nimekosea, nisamehe. Ila kama sijakosea, mama yangu hakufa nilipokuwa na miaka sita. Amekufa mwaka juzi, mwendo wa saa mbili kutoka hapa nilipokaa.

Maulida


Mzenga
11 Mei 2025

Bi Maulida,

Mke wangu hakuzaa. Nimeishi naye miaka thelathini na miwili, nimekula naye, nimemuuguza, nimemzika. Wewe unaniletea karatasi kuniambia kwamba sikumjua.

Majina hufanana. Alama ya moto kila mwanamke anayepika anayo. Na mkate ni mkate, mtu anaweza kuupata kwa mwingine.

Marehemu hayupo kujitetea. Anayesema alikuwa na mtoto akamficha mumewe, anamwita mwongo ndani ya kaburi lake. Sitakubali hayo yasemwe kwenye nyumba yangu.

Nakala yako nakurudishia. Usiniandikie tena.

Mwishehe


Picha ya Ndege, Kibaha
15 Mei 2025

Mzee Mwishehe,

Umeniambia nisikuandikie, nami nakuasi mara hii moja tu.

Nisamehe kwa kukuumiza. Ulinifungulia habari za mkeo ukiwa na furaha, nami nikakurudishia jiwe. Badru ameniambia ningekuja mwenyewe na watu wazima, tukakaa kwenye mkeka tukazungumza. Labda yuko sahihi.

Lakini nimeisoma barua yako tena na tena, na kuna kitu hukukisema. Hukusema kwamba hakuwa na alama ile. Umesema kila mwanamke anayo.

Naomba ruhusa moja. Niruhusu nije siku yoyote utakayokuwa hupo nyumbani, Firdausi anionyeshe kaburi, nisome Fatiha, niondoke. Hutaniona, na sitazungumza na mtu.

Maulida


Mzenga
27 Mei 2025

Mwanangu Maulida,

Assalaam alaykum. Nimekuita mwanangu, na sababu utaiona. Ukilikataa neno hilo nitakuelewa.

Barua yako ilinikuta shambani napalilia mihogo. Nilipofika uliposema sikuikanusha alama, nikalaza jembe. Ni kweli. Tunu alikuwa nayo, kiwiko cha kushoto, kama jani la mkorosho. Niliondoka pale pale kwenda kwa Mwanaamina, udongo ukiwa miguuni.

Nikamwambia, "Mwanaamina, Tunu alizaa?"

Alikuwa anapepeta mchele, na hakuacha kupepeta. Akasema, "Miaka yote umekaa, leo ndiyo unauliza?"

"Nijibu."

"Alizaa. Mtoto wa kike, jina lake Maulida. Nilikula yamini nisiseme hadi uniulize kwa mdomo wako. Nilidhani nitakufa nayo."

Nilikaa chini kwenye makapi ya mchele. Akanieleza. Baba yako alipomwacha Tunu alikuondoa siku hiyo hiyo, na hakuna aliyejua mmeelekea wapi. Miaka miwili baadaye nikapeleka posa. Mjomba wake akaniambia binti ameachwa lakini hana mtoto, akihofia nitarudi nyuma. Tunu alikusudia kuniambia mwenyewe tukishazoeana. Kabla hajaniambia, mwaka ukapita, wa pili ukapita, tumbo halikuonekana, na watu wakaanza. Mama yangu akaleta mizizi. Mdogo wangu Kibwana akawa anamwita mpapai dume, mbele ya watu, kwa mzaha.

Hapo Tunu akamwendea Mwanaamina. Nayaandika maneno yake kama nilivyopewa: "Nikisema leo kwamba nimewahi kuzaa, nitakuwa nimemvua mume wangu nguo mbele ya kijiji. Mimi wakiniita mgumba, moyo wangu unajua ni uongo, hauniingii. Yeye wakimwita, atashika wapi?"

Maulida, mimi ni mtu wa miaka sabini na moja. Nimeswali, nimefunga, nimesikia mawaidha ya masheikh wengi. Sijapata kusikia neno linalonitisha kama hilo.

Na sasa sikia upande wangu, usije ukanidhania mtu mwema. Wauguzi walitushauri twende hospitali sote wawili. Nikasema mwanaume hapimwi. Idd moja, mwaka 1998, mama yangu alinisema mno kuhusu wajukuu. Nikaingia uani nikamwambia Tunu, "Nyumba hii haina mtoto kwa ajili yako." Alikuwa ameinamia sufuria ya mkate. Angeweza kunimaliza kwa neno moja. Aliniambia, "Mume wangu, moto umezidi, nipunguzie makaa." Nikapunguza, nikatoka.

Mwaka uliofuata nikaoa mke wa pili, Siwema. Tunu alimpokea kwa mikono miwili. Siwema alikaa miaka mitatu bila mimba, nikampa talaka, akaolewa Vihingo, akazaa wanne. Hata hapo sikujiuliza! Kila mtu mwenye macho alikuwa anaona isipokuwa mimi, au nilikuwa naona nikageuza uso.

Kuna na hili. Kila Ramadhani, kumi la mwisho, Tunu alikwenda Kibaha. Aliniambia anafuata iliki. Kumbe alikuwa anakwenda Tumbi, kwenye nyumba mliyokaa zamani, kuuliza kama kuna aliyewasikia. Nyumba ilikwisha kubomolewa, bado alikwenda. Mwaka wa mwisho alikuwa anaumwa, nikamgombeza kwamba iliki si ipo hata Mzenga. Akasema ya kule ina harufu zaidi.

Njoo Idd ya kuchinja, na mumeo na watoto. Kaburi lake si la kuzuriwa kwa kujificha. Na nina neno la kusema siku hiyo, nataka uwepo.

Mwishehe


Picha ya Ndege, Kibaha
1 Juni 2025

Mzee wangu,

Shikamoo.

Nilimsomea Badru barua yako kwa sauti. Nilipofika kwenye makaa, akatoka nje akaenda kuwatazama kuku, ilhali kuku walikuwa wameshalala.

Sitakuficha, siku mbili za kwanza nilikasirika. Si kwako tu. Nilimkasirikia yeye. Nilisema, mama yangu alikufunika kwa shuka, na shuka yenyewe ilikuwa mimi. Ili wewe usiaibike, mimi nikawa sikuzaliwa. Nilimwambia Badru siendi popote.

Siku ya tatu nikashuka sokoni Maili Moja kununua pumba. Nikapita kwa wauza viungo. Nikasimama. Mimi nimerudi Kibaha mwaka 2016. Yeye amekuja hadi 2022. Miaka saba, kila kumi la mwisho la Ramadhani, tulikuwa mji mmoja, naye ananitafuta, nami nanunua iliki pengine kwenye meza ile ile. Nilimuuliza yule mama wa viungo kama amewahi kumwona mwanamke mwenye alama ya jani mkononi. Akaniambia, "Mwanangu, hapa wanapita wengi."

Basi hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa. Mtu aliyekuwa anakuja kila mwaka kuuliza habari za nyumba iliyobomolewa hakunisahau. Alibeba mizigo yote miwili, wewe na mimi, na hakumpa mtu hata mmoja amsaidie. Sijui nguvu hiyo aliitoa wapi.

Tutakuja. Tutakuwa watano. Usichinje kwa ajili yetu.

Maulida


Picha ya Ndege, Kibaha
12 Juni 2025

Mzee wangu,

Shikamoo. Tulifika salama, ingawa kutoka huko kwako tulikuwa tumebebeshwa mihogo na mananasi kama tunahama.

Pale kwako nilikuwa mzito wa maneno, kwa hiyo nakuandikia. Wewe siku ya Idd ulikuwa mbele na wanaume, huwezi kujua yaliyotokea upande wetu.

Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka nyuma ya uwanja wa shule, swala imekwisha, khutba imekwisha, watu wameanza kuvaa viatu. Ukaomba kipaza sauti. Mwanamke mmoja mbele yangu akasema, "Mzee Mwishehe anataka kutangaza mkate wake." Wakacheka. Bi Mwanaamina akanishika goti.

Ukasema, "Jamaa zangu, miaka thelathini na miwili mlimwita mke wangu mgumba. Nami nilimwita. Tunu alizaa kabla hajaja kwangu. Mgumba ni mimi. Alijua, akanisitiri, akakaa na jina langu kana kwamba ni lake. Binti yake yupo hapa leo, mtazameni anafanana na nani."

Nikasikia mtu akikwambia, "Kaka, kaa chini, unajivunjia heshima." Baadaye ndiyo nikajua ni Mzee Kibwana. Nawe hukusogeza kipaza sauti, kwa hiyo tulikusikia sote: "Niache, Kibwana. Mwenzangu amekaa na aibu yangu miaka thelathini na miwili, mimi nishindwe dakika mbili?"

Mzee wangu, yule mwanamke aliyecheka alibaki na kiatu kimoja mkononi. Nikawasikia mbuzi wanaosubiri kuchinjwa. Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, wakinitafuta. Mmoja akasema polepole, "Ni huyu. Paji la uso lile." Akaja bibi mmoja mzee kabisa, anajikokota kwa magoti juu ya mkeka, akaniwekea mikono mashavuni. Akaniambia, "Nilipozaa kitinda mimba wangu, mama yako alikuja kumpakata. Nikamnyima, nikisema ataniletea mkosi. Akaniachia zawadi mlangoni akaenda zake." Nilimshika tu mikono yake ile iliyokuwa usoni kwangu, tukakaa hivyo.

Kuhusu mkate sisemi. Wanangu walikula, mimi nilikula, yatosha.

Kaburini nilidhani nitalia. Ajabu ni kwamba sikulia. Nilishikwa na hofu, lakini si hofu ya kifo. Nilikuwa kama mtu aliyetoka nyumbani akijua anakwenda kuona kilima, akafika akakuta mlima ambao kilele chake hakionekani. Binti yangu mdogo aliniuliza, "Bibi alikuwa mrefu?" Nikamwambia ndiyo.

Watu wanakutazamaje huko? Niambie kweli, nisiwe nimekuletea mateso uzeeni.

Wako,
Maulida


Mzenga
24 Juni 2025

Mwanangu Maulida,

Marahaba. Wajukuu wangu nawasalimu kila mmoja kwa jina.

Umeniuliza kweli, nakwambia kweli. Vijana wa kijiweni wamenitungia jina, sitaliandika hapa. Kibwana hakunisemesha wiki nzima, kisha jana akaja na mkungu wa ndizi, akautua, akasema, "Nilikuwa namwita mpapai dume." Nikamwambia, "Najua. Nilikuwepo, nikicheka." Tukakaa. Mateso ndiyo hayo, na hayajafika hata robo ya siku moja ya mama yako.

Lakini nimekaa kukuandikia kwa sababu ya jambo jingine. Ijumaa asubuhi nilisikia hodi. Nikatoka, nikamkuta Siwema amesimama uani na wanawe wanne, watu wazima sasa, wawili wamenipita urefu. Habari za uwanjani zilikuwa zimefika Vihingo. Nilijua amekuja kunilaumu, na ni haki yake. Miaka mitatu kwangu naye aliitwa mgumba, na kwa jina hilo nikampa talaka.

Nikaanza kumwomba radhi. Akaniinulia kiganja nisiseme.

"Sikuja kwa hayo, Mzee Mwishehe. Mimi nilijua zamani. Nilipojifungua huyu wa kwanza, alikuwa na siku arobaini, nikambeba nikaja naye hadi hapa. Nilitaka kijiji kimwone. Nilitaka wote wajue mgumba si mimi. Wewe ulikuwa ushirika. Tunu akanipokea, akampakata mtoto, akambusu, akamwimbia. Kisha akaniuliza, 'Umekuja kusema?' Nikamwambia ndiyo. Akaniambia, 'Mdogo wangu, haki yako sema. Lakini wewe umeshatoka, una mtoto mkononi, maneno hayakupati tena. Yeye yatamkuta hapa na atabaki nayo.' Nikamtazama, nikaona analia na anacheka na mwanangu kwa wakati mmoja. Nikaondoka kwa njia ya shambani, asinione mtu. Sijamwambia yeyote hadi leo."

Maulida, hebu fikiri. Wanawake wawili walikuwa wamenibeba, mmoja hapa na mmoja Vihingo, na mimi nikipita ushirika na kalamu yangu sikioni, nikidhani natembea kwa miguu yangu.

Nilimuuliza Siwema anataka nini kwangu. Akasema hataki kitu, ameleta wanawe wamwombee dua aliyewahi kumpakata mkubwa wao. Mwanaamina akatangulia kuwaonyesha njia ya kaburini. Nami nilitaka kwenda nao, nikaona si mahali pangu siku hiyo.

Nilibaki uani, nimevua kofia, nimesimama. Nilisimama hivyo hadi waliporudi.

Mwishehe bin Maulidi,
mume wa mama yako